John Adams na kesi ya wanajeshi wa Boston, 1770: tunataka kuiigiza mahakamani darasani, tuanzie wapi?

Mwl_Njiro (Arusha)

Wadau, habari za jioni. Klabu ya midahalo ya shule moja hapa Arusha inaandaa mahakama ya maigizo mwisho wa muhula. Kesi waliyoichagua ni ya wanajeshi wa Uingereza waliopiga risasi raia Boston, mji wa koloni la Uingereza huko Amerika, tarehe 5 Machi 1770, wakatetewa na John Adams, yule aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani. Wanafunzi ni 38 na ukumbi tumepewa kwa saa mbili tu, hata dakika moja haiongezwi.

Rasimu ya kwanza waliyoniletea ina matatizo. Wamemweka Kapteni Preston kizimbani pamoja na askari wake, wamempa nafasi ya kujieleza, halafu hukumu inatoka "wote hawana hatia". Nijuavyo mimi wawili walipatikana na hatia ya kitu fulani wakachomwa chuma cha moto. Naomba wenye kuifahamu kesi hii wanisaidie: nani alishtakiwa na nani, sheria ilikuwaje, na mashahidi gani wabebe uzito. Pia mwanafunzi atakayekuwa Adams anauliza, huyu bwana alisomea wapi sheria? Anataka aingie kwenye nafasi akiwa anamjua mtu wake.

Kijenge_Juu (Arusha)

Mwalimu, anza kwa kuitenganisha rasimu yako. Kesi zilikuwa mbili, na kuzichanganya ndilo kosa kubwa kuliko yote uliyoyataja.

Ya kwanza ni ya Kapteni Thomas Preston peke yake, tarehe 24 hadi 30 Oktoba 1770. Ya pili ni ya askari wanane wa Kikosi cha 29, tarehe 27 Novemba hadi 5 Desemba. Ya tatu ilikuwepo pia, tarehe 12 Desemba, dhidi ya raia wanne waliodaiwa kufyatua risasi kutoka madirisha ya jengo la forodha. Ile juri (raia wa kawaida wanaoamua hatia) haikuinuka hata kwenye viti, ikawaachia pale pale. Hiyo iache.

Kwa nini zilitenganishwa? Askari wenyewe waliomba washtakiwe pamoja na kapteni wao, mahakama ikakataa. Fikiria wanavyogongana. Utetezi wa Preston ni "sikutoa amri ya kupiga". Utetezi mzuri zaidi wa askari ni "tuliamriwa". Akishinda huyu, wale wanasogea karibu na kitanzi. Na Adams alikuwa wakili wa pande zote mbili! Kwa maadili ya uwakili ya leo angetakiwa ajitoe upande mmoja. Alichofanya kwenye kesi ya pili ni kuliacha suala la amri pembeni, akasimamia kujilinda. Watu wa Arusha mnaokumbuka mashauri ya ICTR, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, pale kituo cha mikutano cha AICC mtaielewa haraka: sheria iliyounda mahakama ile ilikuwa na kifungu cha wajibu wa kamanda na kifungu kingine kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia bali inaweza kupunguza adhabu. Ni ugomvi ule ule wa Preston na watu wake, umri wake tu miaka 200 na ushee.

Majina ya washtakiwa wanane: Koplo William Wemms, Hugh White (ndiye aliyekuwa zamu kwenye jengo la forodha, fujo zikaanzia kwake), James Hartigan, William McCauley, William Warren, John Carroll, Matthew Kilroy na Hugh Montgomery. Waliokufa ni watano: Crispus Attucks, Samuel Gray na James Caldwell pale pale, Samuel Maverick kesho yake asubuhi, na Patrick Carr siku kadhaa baadaye. Huyo Carr mshike, utamhitaji.

Majaji walikuwa wanne: Benjamin Lynde, John Cushing, Peter Oliver na Edmund Trowbridge. Jaji Mkuu Hutchinson alikuwa anakaimu ugavana, hakuketi. Waendesha mashtaka ni Robert Treat Paine na Samuel Quincy. Watetezi wa askari ni Adams, Josiah Quincy na Sampson Salter Blowers. Ndiyo, hao Quincy wawili ni ndugu wa tumbo moja, mmoja huku mmoja kule. Usiwafiche wanafunzi jambo hilo, linaleta mvuto wa bure.

Na muhimu kuliko yote: mtuhumiwa hasimami kutoa ushahidi. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mshtakiwa kula kiapo kwenye kesi yake mwenyewe. Preston akipewa dakika tano za kujieleza, hapo hamuigizi 1770 tena.

Wakili_Kiboriloni (Moshi)

Naongezea upande wa sheria, maana hapo ndipo maigizo mengi yanapoharibika.

Kosa lilikuwa mauaji, na juri ilikuwa na milango mitatu. Kuua kwa kukusudia, ambako adhabu yake ni kunyongwa. Kuua bila kukusudia, ambako mtu hakuwa na nia ovu ya kupanga bali amechokozwa damu ikapanda. Na kuua kwa kujilinda, ambako mtu anaachiwa huru. Kwetu milango hiyo ipo hadi leo kwenye Kanuni ya Adhabu: kifungu cha 195 ni kuua bila kukusudia, cha 196 ni kuua kwa kukusudia, cha 200 kinaeleza nia ovu ni nini, cha 201 kinashughulikia kughadhibishwa. Wanafunzi wako wasome hivyo vinne kwanza, watamwelewa Adams kuliko wakisoma kurasa 50 za historia. Tofauti kubwa ni kwamba sisi hatuna juri. Kule watu 12 wa kawaida ndio walioamua hatia, majaji wakabaki kuwaelekeza sheria.

Hoja ya Adams ilikwenda hatua kwa hatua, na mwanafunzi wako asiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: je, lile kundi lilikuwa na hatari kweli? Alionyesha vipande vya barafu, marungu, kelele, askari mmoja kuangushwa chini. Kama maisha yao yalikuwa hatarini, wana haki ya kujilinda, basi.

Hatua ya pili: hata kama juri inaona hatari haikufikia kiwango cha kuua, uchokozi ulitosha kulishusha kosa kutoka kuua kwa kukusudia hadi bila kukusudia.

Hatua ya tatu ndiyo tamu. Kila mshtakiwa lazima athibitishwe peke yake. Ushahidi ulionyesha si askari wote waliofyatua. Sasa kama kuna mmoja hapo kizimbani ambaye bunduki yake haikulia, na hamjui ni yupi, mtawanyongaje wote? Ndiyo maana alifungua hoja zake kwa maneno ya Beccaria, yule Mwitaliano mwandishi wa mambo ya sheria na adhabu, kisha akawapitisha wazee wa juri kwenye ile kanuni ya zamani ya sheria ya Kiingereza kwamba ni heri wenye hatia kadhaa waponyoke kuliko asiye na hatia mmoja aadhibiwe.

Kwa hiyo matokeo si ya kubahatisha. Sita waliachiwa kwa sababu hakuna shahidi aliyemfunga yeyote kati yao na maiti fulani. Wawili walibaki kwa sababu ushahidi uliwataja kwa majina: Montgomery alionekana akifyatua wa kwanza, na Kilroy alionekana akimpiga Samuel Gray. Wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Juri ilitumia saa mbili na nusu hivi.

Kuhusu chuma cha moto. Kuua bila kukusudia nako kungeweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi, lakini palikuwa na mlango wa nyuma uitwao kinga ya makasisi. Zamani sana ilikuwa ya makasisi tu, wahukumiwe na kanisa. Baadaye ikawa ya kila aliyejua kusoma, na mstari wa mtihani ukawa Zaburi ya 51, "Ee Mungu, unirehemu". Kufikia 1770 sharti la kusoma lilikwisha kufutwa muda mrefu, kwa hiyo msiwape Kilroy na Montgomery Biblia wasome kizimbani. Karibu kila igizo linafanya kosa hilo. Waliomba kinga, wakapewa, na tarehe 14 Desemba wakachomwa alama kwenye kidole gumba. Sababu ya alama ni ya kiofisi kabisa: kinga ilitolewa mara moja tu maishani, na kidole ndicho kilikuwa faili lako.

Mwl_Njiro (Arusha)

Asanteni sana, wakili, nawe Kijenge. Biblia ilikuwemo kwenye rasimu, nimeitoa sasa hivi. Huyo Patrick Carr tumshikeje? Na bado nasubiri la masomo ya Adams.

Wakili_Kiboriloni (Moshi)

Carr ni Mwailandi aliyepigwa risasi akabaki hai siku kadhaa. Daktari aliyemuuguza, John Jeffries, alimuuliza maswali kitandani. Carr akasema aliwahi kuona kwao Ailandi askari wakiitwa kutuliza ghasia, lakini hajawahi kuona wakivumilia kiasi kile kabla ya kufyatua. Akasema pia hamlaumu aliyempiga, kwa kuwa anaamini alikuwa anajilinda.

Kwa kawaida huo ni ushahidi wa kuambiwa: Jeffries anasema aliyoyasikia kwa mtu ambaye hayupo mahakamani kuhojiwa. Ukapokelewa kwa sababu ni maneno ya mtu anayejua anakufa, na iliaminika hakuna anayetaka kwenda mbele ya Muumba na uongo mdomoni. Sheria yetu ya Ushahidi nayo inayapokea maneno ya marehemu juu ya chanzo cha kifo chake, tena bila kudai awe alijua anakufa. Wape waendesha mashtaka nafasi ya kupinga, majaji watoe uamuzi mdogo hapo hapo. Dakika mbili, na ukumbi mzima utajifunza kitu.

Pigo lenyewe ni hili: maneno mazuri kuliko yote kwa askari yalitoka kwa mtu waliyemuua. Samuel Adams alivyokasirika, akaandika gazetini kumdharau Carr kwamba alikufa katika imani ya Kikatoliki. Hoja ikiisha watu huenda kwenye dini.

(Pembeni kidogo: Dkt. Jeffries huyo huyo ndiye aliyevuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa puto tarehe 7 Januari 1785, pamoja na Mfaransa Blanchard. Haihusiani na kesi, ila mwanafunzi atakayemwigiza ataringa.)

Msomaji_Pasua (Moshi)

Mwalimu, la masomo niachie mimi. Na tafadhali mwanafunzi wako asimchanganye na Samuel Adams aliyetajwa hapo juu, yule ni binamu yake, mwanasiasa wa kuwasha moto. Wala asimchanganye na John Quincy Adams, mwanawe, rais wa 6.

John Adams alizaliwa Braintree, Massachusetts, tarehe 30 Oktoba 1735 kwa kalenda mpya. Baba mkulima. Akaingia Harvard 1751, akamaliza 1755. Chuo cha sheria hakikuwepo popote katika makoloni yale. Profesa wa kwanza wa sheria, George Wythe, alianza kufundisha William and Mary mwaka 1779, miaka zaidi ya 20 baadaye. Njia ilikuwa moja tu: uanagenzi. Unakwenda kwa wakili, unasoma vitabu vyake, unanakili hati zake, unamfuata mahakamani.

Adams alikuwa mwalimu wa shule mjini Worcester. Agosti 1756 akapatana na wakili James Putnam: miaka miwili, atalala na kula kwa Putnam, ada ni dola 100 atakapoweza kulipa. Mchana anafundisha watoto, usiku anasoma sheria. Mwaka 1758 akamaliza, akaenda Boston kutafuta mdhamini, maana bila wakili mkubwa kukupeleka mbele ya mahakama huapishwi. Akamwendea Jeremiah Gridley, mkubwa wa mawakili wa Boston. Gridley akamhoji amesoma vitabu gani vya Kilatini, akamkubali, na akampa ushauri: fuata elimu ya sheria kuliko faida yake, na usiharakishe kuoa. (Alioa 1764, Abigail Smith. Alitii.) Tarehe 6 Novemba 1758 akaapishwa. Siku hiyo hiyo aliapishwa Samuel Quincy. Ndiyo, yule mwendesha mashtaka wa 1770.

Sasa kesi yake ya kwanza, ambayo naipenda kuliko zote. Farasi wa Luke Lambert waliingia shambani mwa Joseph Field. Field akawakamata, Lambert akaja akawachukua kwa nguvu bila kulipa uharibifu. Kwa haki ya kawaida hiyo ni kesi ya kushinda usingizini. Field akamwajiri Adams, Adams akaandika hati ya madai. Lambert akamwajiri nani? Samuel Quincy.

Hati ile ilipaswa kuwaelekeza maofisa wa mji wa Braintree, pamoja na jina la kaunti mji ulipo. Adams akaacha kutaja kaunti. Basi. Hati ikaonekana mbovu, kesi ikaanguka kabla farasi hawajazungumziwa. Kwenye shajara yake anahangaika kweli kweli: mji mzima utasema hati yake ya kwanza ilitupwa. Na anamlaumu Putnam, kwamba alimwachia vitabu lakini hakumwonyesha kazi ya mikono, hakumpa hata vidokezo vichache vya namna hati zinavyoandikwa. Malalamiko hayo unaweza kuyasikia leo kwa yeyote aliyetoka chuo kikuu na shahada ya sheria kabla hajapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

Kwa hiyo mwanafunzi wako amjue hivi: Adams wa 1770 ana miaka 34, mwenye hasira za karibu, na tangu 1758 amekuwa mtu wa kuhakiki kila neno la hati mara tatu. Tena siku Preston anaachiwa, 30 Oktoba 1770, ndiyo Adams anatimiza miaka 35.

Wakili_Kiboriloni (Moshi)

Hahaha, kaunti! Sisi Ibara ya 107A(2)(e) ya Katiba inawataka majaji wasifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Lakini bado ukileta hati yenye kasoro ya msingi, pingamizi la awali linakusubiri mlangoni. Lambert angepata wakili hata leo.

Kijenge_Juu (Arusha)

Turudi kwenye saa mbili na watu 38. Chukua kesi ya askari, siyo ya Preston. Hesabu inakaa hivi: majaji 4, juri 12, washtakiwa 8, waendesha mashtaka 2, watetezi 3, karani 1, sherifu 1, mashahidi 7. Jumla 38 kamili, hakuna atakayekaa bure.

Mashahidi saba wawe hawa. Upande wa mashtaka: Edward Langford, mlinzi wa mji, aliyesema Kilroy ndiye aliyempiga Gray, Samuel Hemmingway, aliyesema alimsikia Kilroy kabla ya tukio akiapa hataacha nafasi ya kuwapiga risasi wenyeji, James Bailey, aliyemwona Montgomery akiangushwa bunduki ikamtoka mkononi, kisha akafyatua, na Richard Palmes, aliyekuwa amesimama karibu kabisa na Preston risasi ya kwanza ilipolia. Upande wa utetezi: Dkt. Jeffries, Newton Prince, mtu mweusi huru, na Andrew, mtumwa wa Oliver Wendell, aliyeeleza jinsi mtu mmoja mwenye mwili mkubwa alivyoshika singe ya askari na kuivuta.

Zingatieni Bailey. Ameitwa na mashtaka, lakini ushahidi wake unawanufaisha watetezi. Mwanafunzi wa mashtaka akimuuliza swali moja la ziada anajichimbia kaburi. Mwacheni afanye kosa hilo.

Muda: karani kusoma shtaka na mashtaka kufungua, dakika 10. Mashahidi wanne wa mashtaka kwa dakika 6 kila mmoja, 24. Josiah Quincy kufungua utetezi, 8. Mashahidi watatu, 18. Adams kufunga, 12. Paine kufunga baada yake, 10, maana mashtaka ndiyo yaliyosema mwisho. Majaji kuelekeza juri, 8. Juri kujadiliana mbele ya watu wakisikika, 20. Uamuzi na adhabu, 10. Hiyo ni 120. Panapovuja siku zote ni kwa mashahidi: wanafunzi wanapenda kubishana nao. Sherifu ashike saa na kengele, dakika ya 6 shahidi anashuka hata kama yuko katikati ya sentensi.

Juri isiambiwe matokeo ya kweli. Chagua wale 12 kati ya wasiosoma historia, na wasiwe marafiki wa washtakiwa. Kwenye kesi halisi ya askari hakuna mjumbe hata mmoja aliyetoka Boston mjini, walitoka Roxbury, Dorchester, Milton, Dedham, Hingham na miji mingine ya jirani. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya utetezi: kuwakataa watu wa mjini mmoja baada ya mwingine.

Dada_Sakina (Arusha)

Jambo moja juu ya picha. Najua mtaweka ile picha maarufu ya tukio lile iliyotolewa na Paul Revere kwenye bango, kila mtu anaiweka. Iwekeni, lakini kama ushahidi wa uongo. Askari wamepangwa mstari mnyoofu wanafyatua kwa pamoja, Preston yuko nyuma yao ameinua upanga kama anatoa amri. Ushahidi mahakamani ulisema Preston alikuwa mbele ya bunduki, mahali ambapo mtu mwenye akili hawezi kusimama akaamuru zifyatuliwe. Mbingu ni ya buluu wakati tukio lilikuwa la usiku. Juu ya jengo la forodha kuna kibao cha "ukumbi wa wachinjaji" ambacho hakikuwepo. Theluji chini huioni vizuri, na marungu ya umati hayapo kabisa. Tena mchoro si wa Revere kwa asili: aliunakili kwa mchoraji Henry Pelham, naye Pelham akamwandikia barua ya kulalamika.

La pili ni gumu zaidi. Hotuba ya Adams ina sehemu mbaya, na wanafunzi wakiisoma nzima wataikuta. Aliuita ule umati genge la wavulana wakorofi, watu weusi, machotara, Wailandi na mabaharia wa kigeni, na mzigo mkubwa akamtwika Crispus Attucks, aliyekuwa na damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Ilikuwa mbinu: kuwaambia wazee wa juri kwamba hao si watu wa mji wenu, ni wageni waliokuja kuleta fujo. Ilifanya kazi. Msiikate kwenye igizo kwa aibu, ila mpeni Paine dakika moja ya kujibu, kwa sababu mwenye kuuawa akiwa chotara bado ameuawa. Na ajabu ni kwamba shahidi mzito wa Adams juu ya singe alikuwa Andrew, mtumwa mweusi, ambaye mahakama ya Massachusetts ilimpokea akala kiapo kama mtu yeyote.

Kuhusu malipo pia, kuna hadithi kwamba Adams alitetea kwa gini moja tu (sarafu ya dhahabu ya Uingereza). Gini moja ilikuwa ya kumshika wakili asiende kwingine. Kwa hesabu yake mwenyewe alipata gini 10 kwa Preston na 8 kwa askari, kwa siku 14 au 15 za kazi. Wala mji haukumtupa: Juni 1770, akiwa amekwisha kuikubali kesi, Boston ilimchagua kuwa mbunge wake kwenye baraza la koloni.

Mkalimani_Ngarenaro (Arusha)

Mnafanya kwa Kiswahili au Kiingereza? Kama ni Kiswahili mtakwama mahali pamoja na afadhali mjue mapema.

Ugomvi mzima wa nani aliamuru unasimama juu ya neno moja la Kiingereza, "fire". Neno hilo ni moto, na ndilo hilo hilo la kumwamuru askari afyatue. Usiku ule kengele za kanisa zililia, watu wakatoka majumbani wakidhani kuna nyumba inaungua, wengine na ndoo. Neno likawa linapigwa kelele mtaani kwa maana ya moto. Wakati huo huo umati ulikuwa unawakejeli askari wafyatue kama wanaume, nao wanatumia neno lile lile. Shahidi anayesema "nilisikia neno hilo" hajasema kitu chochote.

Ukitafsiri "moto!" na "fyatua!" umeiua kesi, maana sasa kila sikio linajua nani alisema nini. Ninachopendekeza ni "piga". Askari anaamriwa "Piga!" Umati unakejeli, "Pigeni basi! Mbona hampigi?" Mtu mwingine nyuma anamwambia mwenzake mwenye rungu, "Piga huyo!" Neno moja, midomo mitatu, gizani. Lile la moto litapotea, lakini mnaweza kulifidia kwa kengele kulia mwanzoni na wanafunzi wawili kupita na ndoo bila kusema neno.

Kisha watetezi wamuulize kila shahidi wa mashtaka maswali matatu tu: ulisikia "piga" au "pigeni"? Ilitoka mbele ya bunduki au nyuma? Kabla au baada ya Montgomery kuanguka? Wengi watatoa majibu tofauti hata kama mmewaandikia.

Mwl_Njiro (Arusha)

"Piga" imepita, tumeijaribu leo jioni na mashahidi wawili wamekwisha kupingana wenyewe kwa wenyewe. Kidole gumba tutatumia rangi nyekundu ya keki na kijiko cha baridi. Swali la mwisho: Adams avae wigi?

Kijenge_Juu (Arusha)

Majaji wavae, na majoho mekundu kama mnayo. Adams joho jeusi na wigi linatosha. Kama wigi ni moja tu, mpeni Jaji Lynde.